Miche ya Green Bay: watu wa benchi waliohama wakawa wakubwa

Kila mwenyi kumaliza lisansi hapa kwetu anaijua ile sentensi: "Subiri, zamu yako itafika." Wazazi wanaisema, wakubwa wa buro wanaisema, na sisi wenyewe tunaambiana mu staji ya mwezi wa nane bila mshahara. Leo ninataka kuipima. Sitaipima kwa maisha yetu, juu hapo kila mtu ana kidonda chake na mazungumzo yanaharibika mbio. Nitaipima kwa historia ya mchezo wa mbali, futiboli ya Kimarekani, na zaidi historia ya watu wa nafasi moja tu: kwotabeki wa akiba.

Kwa wenyi hawaujui ule mchezo: kila ekipe ina watu 11 uwanjani, mpira una umbo la yai, na karibu kila shambulio linaanzia mikononi mwa mtu mmoja. Huyo njo kwotabeki. Anapokea mpira, anasoma jinsi adui amejipanga, na mu sekunde mbili tatu anaamua: arushe, ampe mwenzake, ao akimbie mwenyewe. Sasa, kwetu mu kabumbu mchezaji wa akiba anaingia dakika ya 70 na anaweza kufunga. Kwotabeki wa akiba hana bahati hiyo. Nafasi iko moja, na kocha habadilishi kichwa cha ekipe bila sababu. Wa akiba anafanya mazoezi kila siku, anajua mipango yote kwa moyo, na anaweza kumaliza msimu mzima bila kurusha mpira hata mara moja mbele ya watu. Analipwa, ndiyo, lakini ni shomaje yenyi jezi.

Mji ninaotaka kuwapeleka unaitwa Green Bay, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Ni mji mdogo, watu kama 100,000. Ekipe yake, Packers, haina tajiri mwenyi kuimiliki. Tangu 1923 hisa ziko mikononi mwa wananchi. Mwishoni mwa 1991 walimwajiri Ron Wolf awe mkubwa wa mambo yote ya wachezaji.

Wolf alikuja na deni moja moyoni. Mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa anafanya kazi kwa New York Jets. Kila mwaka kuna drafti, ile siku ekipe zinachagua kwa zamu vijana wanaotoka chuo kikuu. Jets walikuwa na chaguo la 34, na Wolf alimtaka kijana wa Southern Mississippi, Brett Favre. Atlanta Falcons, wenyi chaguo la 33, wakamchukua. Namba moja tu mbele yake.

Huko Atlanta Favre hakushika. Kocha wake, Jerry Glanville, hakumtaka, na Favre naye alipenda usiku wa mji kuliko mazoezi. Msimu wote wa 1991 alirusha pasi 4. Hakuna hata moja iliyomfikia mwenzake. Mbili zilinyakuliwa na adui, na ile ya kwanza kabisa adui alikimbia nayo mpaka akafunga. Wazia mtu mwenyi dosie kama hiyo anakuja kuomba kazi kwako.

Wolf alimwomba. Mwezi wa pili 1992 alitoa chaguo la raundi ya kwanza ya drafti, kitu ambacho ekipe inakilinda kama shamba la urithi, ili ampate mtu wa benchi. Waganga wa Packers wakampima Favre wakakuta nyonga yake ina ugonjwa, wakasema hapana. Wolf akapita juu ya neno lao.

Tarehe 20 mwezi wa tisa 1992, kwotabeki wa Green Bay, Don Majkowski, aliumia kifundo cha mguu wakicheza na Cincinnati. Favre akaingia. Alicheza ovyo, mpira ulimponyoka mara nyingi, lakini zikiwa zimebaki sekunde 13 alirusha pasi ya yadi 35 kwa Kitrick Taylor, na Packers wakashinda 24-23. Wiki iliyofuata alianza yeye. Na hakutoka tena. Mpaka mwisho wa msimu wa 2007 alianza mechi 253 za ligi mfululizo kwa Green Bay, mara tatu akatajwa mchezaji bora wa ligi, na mwezi wa kwanza 1997 wakabeba Super Bowl kwa kuwafunga New England 35-21. (Juu ya Majkowski hakuna anayeandika. Kifundo chake njo kilifungua mlango wa historia yote hii.)

Basi, geuza upande. Jiweke mahali pa kijana aliyeketi nyuma ya Favre. Mtu aliye mbele yako hachoki, akiumia anacheza na maumivu yake, na ataendelea hivyo miaka 16. Ukifuata ile sentensi ya "subiri, zamu yako itafika", unaingia na miaka 22 unatoka na 38. Nani atakupa zamu?

Mu kambi ya mazoezi ya 1994 Packers walikuwa na kwotabeki wanne. Favre. Ty Detmer, aliyebeba Heisman ya 1990, zawadi kubwa ya mchezaji wa chuo kikuu. Mark Brunell, chaguo la raundi ya tano. Na kijana wa Northern Iowa ambaye drafti ilimpita kabisa, Kurt Warner. Watu wanne, kazi moja.

Brunell aliondoka 1995. Packers walimbadilisha na machaguo mawili ya drafti, raundi ya tatu na ya tano, akaenda Jacksonville, ekipe iliyokuwa inaanza mwaka uleule. Hapo njo ninaona akili ya hamisho lile: pahali papya, hakuna mzee aliyeota mizizi mbele yake. Mwaka wa kwanza walishinda mechi 4 tu kwa 16, lakini nafasi ikawa yake. Msimu wa 1996 Brunell aliongoza ligi nzima kwa yadi za kurusha, 4,367. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1997 Jacksonville, ekipe ya miaka miwili, iliingia Denver kwa wenyi ushindi 13 na kushindwa 3, ikawafunga kwao 30-27, ikabakiza mechi moja tu ili ifike Super Bowl. New England wakawazuia, 20-6.

Mu mabano, ya kwetu kidogo: ekipe ingine iliyozaliwa 1995 ilikuwa Carolina, na drafti ya 1996 Carolina walitumia chaguo la 8 kumchukua Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, mkimbiaji wa mpira. Goti lilimtoa mapema msimu ule wa kwanza. Wenyi kusema mchezo ule hautuhusu, basi unatuhusu kidogo.

Warner yeye hakuhamishwa, alifukuzwa. Kambi ya 1994 haikumalizika na yeye. Alirudi Cedar Falls, Iowa, akafanya kazi ya usiku mu duka kubwa la chakula, kupanga bidhaa, dola 5.50 kwa saa. Halafu miaka mitatu, 1995 mpaka 1997, akachezea Iowa Barnstormers mu ligi ya ndani ya nyumba, uwanja wa yadi 50 wenyi kuta pembeni, adui anakufikia mbele hujapumua. Watu walicheka ligi ile. Lakini mtu anayezoea kuamua mu nafasi ndogo namna ile, siku ukimpa uwanja mkubwa anaona kama dunia imetembea polepole.

Kutoka hapo, 1998, alipelekwa Uholanzi kuchezea Amsterdam Admirals, ambako kocha Al Luginbill alikuwa amezunguka kutafuta ekipe ya NFL itakayokubali kumsaini ili amtumie. Rams wa St. Louis walikubali. Aliporudi akawa kwotabeki wa tatu. Mwanzoni mwa 1999 ekipe ya Cleveland ilipofufuliwa, kila ekipe iliweka baadhi ya wachezaji wake mezani ili Cleveland wachague bure. Rams walimweka Warner mezani. Cleveland wakamwacha hapo.

Mwezi wa nane 1999, mu mechi ya maandalizi, goti la Trent Green, kwotabeki mpya wa Rams, likavunjika. Kocha Dick Vermeil alilia mbele ya waandishi, akasema wataungana nyuma ya Kurt Warner. Watu wakaulizana, Warner nani? Alikuwa na miaka 28. Msimu ule alirusha tachidauni 41 na yadi 4,353, akatajwa mchezaji bora wa ligi, na tarehe 30 mwezi wa kwanza 2000 Rams wakabeba Super Bowl, 23-16 juu ya Tennessee, yeye akiwa na yadi 414, rekodi ya mechi ile kwa wakati ule.

Ninakaa sana kwa Warner juu watu wanapenda kumtumia vibaya. Wahubiri wa motivasio wanachukua picha ya duka na picha ya kombe, wanaziunganisha, wanasema: ona, alisubiri. Hakusubiri! Kati ya ile duka na lile kombe kuna miaka mitano ya kucheza, mechi baada ya mechi, mu pahali ambapo hakuna mwandishi aliyekuwa anaangalia. Na bila goti la Green hatungemjua. Yote mawili ni kweli pamoja. Na baadaye alianza tena chini: akapoteza nafasi St. Louis, akapita New York mwaka mmoja, akafika Arizona ambako walimweka nyuma ya kijana Matt Leinart. Mu msimu wa 2008 alirudi mbele, akafikisha Arizona kwenye Super Bowl, wakapoteza 27-23 mbele ya Pittsburgh.

Aaron Brooks nitampitia mbio. Raundi ya nne ya 1999, mwaka mmoja Green Bay bila kucheza, akahamishwa New Orleans mwezi wa saba 2000. Jeff Blake akaumia, Brooks akaingia. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili alirusha tachidauni 4, na Saints wakapata ushindi wa kwanza wa mchujo tangu ekipe iundwe, 31-28. Waliofungwa ni nani? Rams, mabingwa, na Kurt Warner. Watu wawili waliokosa pahali Green Bay wakakutana kule kusini.

Matt Hasselbeck njo ninampenda zaidi, juu hamisho lake lilikaribia kufa. Chaguo la 187 mu drafti ya 1998. Mwaka wa kwanza aliwekwa kwa wale wa mazoezi tu, miaka miwili akakaa nyuma ya Favre. Mike Holmgren, kocha wa Packers, alikuwa amehamia Seattle 1999, na 2001 akamfuata kijana wake akamnunua. Bon, kila mtu alingoja maua. Hayakutoka. Msimu wa kwanza Hasselbeck alirusha ovyo, nafasi ikachukuliwa na Trent Dilfer, akarudi benchi, safari hii ya Seattle. Mwaka uliofuata Dilfer aliumia, na Hasselbeck akaingia tena, lakini sasa anasikiliza.

Mwezi wa kwanza 2004 Seattle walienda kucheza mchujo, na kucheza wapi? Green Bay. Favre upande ule, Hasselbeck upande huu. Mechi ikaisha sare, wakatupa sarafu kwa muda wa nyongeza, Hasselbeck akashinda. Maikrofoni ya mwamuzi ikiwa wazi, alisema wanachukua mpira na watafunga. Uwanja mzima ukasikia. Dakika chache baadaye Al Harris alinyakua pasi yake, akakimbia nayo yadi 52, Packers wakashinda 33-27. Miaka miwili mbele, mwezi wa pili 2006, Hasselbeck njo aliipeleka Seattle kwenye Super Bowl yake ya kwanza, wakapoteza 21-10.

Sasa niseme ninachokiona. Sisi wa agronomia tunaita ile kazi ya Ron Wolf pepinieri, kitalu. Karibu kila mwaka alichagua kwotabeki mu drafti, hata akiwa na Favre, juu alijua kijana aliyefundishwa miaka miwili anauzika kuliko alivyonunuliwa. Tusimfanye mtakatifu. Pepinieri haipandi miche kwa huruma, inaikuza ili iiuze. Lakini mche wa kahawa ukikaa sana mu kimfuko cha plastiki, mzizi mkuu unafika chini, hauna pa kwenda, unaanza kujizungusha. Juu unaona majani ya kijani, unadhani mambo iko sawa. Ukiupeleka shambani umechelewa, utasimama pale bila kuzaa sawasawa. Ukiutoa mbio mno, hujauzoesha jua polepole, unakauka wiki ya kwanza. Wolf aliachilia miche yake mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuwaambia wasubiri Favre azeeke.

Na angalia nani aliwachukua. Favre alichukuliwa na mtu aliyekuwa amemtaka tangu drafti. Hasselbeck alichukuliwa na kocha aliyemfundisha. Brooks alipofika New Orleans alimkuta Mike McCarthy akipanga mashambulizi, na mwaka mmoja mbele ya hapo McCarthy alikuwa mwalimu wa kwotabeki Green Bay. Warner alikuwa na Luginbill wa kumsemea. Dosie yao ilikuwa tupu: pasi 4, mechi sifuri. Hakuna mtu angewachukua kwa karatasi. Walichukuliwa juu kuna jicho lililowaona wakifanya kazi siku ambazo hazikuhesabiwa. Kwangu hapo njo ile sentensi ya wazee inapungukiwa. Inatuambia tungoje, haituambii tungoje mbele ya macho ya nani, wala inafika saa ngapi ya kuondoka.

Lakini nisiwauzie hesabu rahisi. Mwaka wa 2012, tarehe 1 mwezi wa kwanza, Matt Flynn, wa akiba wa Green Bay nyuma ya Aaron Rodgers, alipewa mechi moja na Detroit. Alirusha yadi 480 na tachidauni 6, rekodi ya ekipe. Miezi miwili nyuma Seattle wakamsaini miaka mitatu. Na mkubwa wa wachezaji wa Seattle, John Schneider, alikuwa ametoka Green Bay, alimjua Flynn kwa macho yake. Kila kitu kilikuwa pahali pake. Halafu mu drafti ya mwaka uleule Seattle walichukua kijana mfupi, chaguo la 75, Russell Wilson, na mwezi wa nane Wilson akampita mu mazoezi. Flynn hakuwahi kuwa kwotabeki wa kwanza wa Seattle. Wilson mwezi wa pili 2014 akabeba Super Bowl, 43-8.

Mwingine wa benchi la Favre alikuwa Doug Pederson. Andy Reid, aliyekuwa msaidizi wa kocha Green Bay, alimchukua Philadelphia 1999, akaanza mechi 9, halafu kijana Donovan McNabb akapewa nafasi. Pederson akapita Cleveland, akarudi Green Bay, akakaa tena nyuma ya Favre mpaka akastaafu. Kama mchezaji, hamisho lake halikushika. Akawa kocha, na 2016 akapewa Philadelphia.

Mwezi wa kumi na mbili 2017 kwotabeki wake, Carson Wentz, aliumia goti. Kilichobaki ni mtu wa akiba, Nick Foles, aliyewahi kucheza vizuri Philadelphia mu 2013, akauzwa St. Louis, akafikiria kuacha mchezo, akakaa benchi Kansas City kwa Reid, akarudi. Mtu aliyeketi miaka yote ile nyuma ya Favre alikuwa anapaswa kumuandaa mtu wa benchi. Walifika Super Bowl, tarehe 4 mwezi wa pili 2018, mbele ya New England. Karibu na mapumziko, ikiwa imebaki yadi moja na nafasi ya mwisho, kila mtu alingoja wapige teke kwa pointi 3 za uhakika. Foles alienda pembeni, akamtajia Pederson mpango mmoja wa ajabu ambamo kwotabeki anaacha mpira akimbie kuupokea. Pederson alifikiri kidogo, akakubali. Trey Burton alirusha, Foles akadaka, tachidauni. Philadelphia 41, New England 33, na Foles mchezaji bora wa mechi.

Mwaka mmoja nyuma yake Jacksonville, ileile ya Brunell, ilimsaini Foles kwa dola milioni 88 za miaka minne. Mechi ya kwanza ya 2019 mfupa wa bega ulivunjika. Aliyeingia pahali pake alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, chaguo la 178, Gardner Minshew.